Shingo Isiyo Yake

"Mvishe! Mvishe! Mvishe!"

Watu waliojaa kwenye viti vya studio walipiga makofi kwa mpigo mmoja, na Khethiwe Majozi, katikati ya taa kali zilizomfanya atokwe jasho mgongoni, alikuwa anacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza. Shanga zingeweza kusameheka.

Kipindi kilikuwa kinaruka mubashara kutoka Durban, kama kila Jumamosi asubuhi, na mtangazaji wake, Melusi Khuboni, alikuwa mwanamume mzuri kupita kiasi: suti ya samawati, meno yaliyopangika, sauti ya kubembeleza hata akisoma habari za mvua. Khethiwe alikuja na meza nzima ya kazi za mikono yake. Kulikuwa na mikufu mipana ya kukaa mabegani, mikanda, bangili na vibuyu vilivyovikwa shanga mpaka shingoni. Alikuwa ameshaeleza namna uzi unavyopelekwa na kurudishwa, na kwa nini sindano ya dukani haifai mpaka uisugue kwanza kwenye jiwe. Ulimi haukumkwama hata mara moja. Kule kwao Msinga, alijua, watu wamebanana mbele ya televisheni wakimwangalia.

Kisha Melusi akaiona ile nyeupe.

"Na hii umeificha kwa nini?" akauliza, akiinyooshea kidole leso iliyokuwa imefunuliwa nusu pembeni mwa meza.

"Sijaificha, kaka. Hiyo haiuzwi."

"Ahaa! Haiuzwi! Mmesikia?" Akawageukia watu. "Basi hicho hicho ndicho tunachokitaka. Tuonyeshe, dada."

Khethiwe akaifunua leso. Alikuwa na ruhusa ya kuionyesha, kwa hiyo hapo hapakuwa na kosa. "Hii ni ucu, mkufu wa uchumba," akasema, na sauti yake ikalainika bila yeye kutaka. "Msichana akitongozwa kwetu hajibu upesi. Ananyamaza, hata miaka. Siku akikubali, hasemi neno. Anamvisha kijana ucu shingoni mbele ya watu. Basi, amemchagua. Hakuna tena maswali."

"Na hii ni ya nani?"

"Ni ya mtu."

"Mtu gani? Yupo hapa?"

"Hayupo."

"Hayupo, mimi nipo!" Melusi akapiga goti moja pale pale, akainamisha kichwa mbele yake kama mtu anayengoja kunyolewa. "Nichague mimi, Khethiwe! Nimehangaika sana na wasichana wa mjini!"

Watu wakaangua kicheko, na hapo ndipo yalipoanza makofi.

Usimhukumu haraka. Msichana amekaa miaka kwenye mkeka akishona, wateja wanamuuliza bei bila kumtazama usoni, halafu siku moja anapigiwa makofi na umati mzima na kuitwa kwa jina na mwanamume anayejulikana nchi nzima. Kichwa kilimlewa. Kwa kitambo kidogo, kidogo sana, alimsahau Bhekumuzi Zondi, kijana aliyemshonea ucu hiyo. Akaichukua ile ucu, akaizungusha shingoni mwa Melusi na kufunga kifungo kwenye kitanzi chake, huku akicheka mpaka magego yakaonekana.

Ni vidole vilivyomzindua. Viligusa ngozi laini yenye manukato, wakati vilikuwa vimejiandaa kwa shingo nyingine, ngumu, yenye harufu ya mpira wa tairi. Akaitupa mikono nyuma kama aliyegusa jiko. Lakini Melusi alikuwa ameshainuka, anapunga mkono, anazunguka kuwaonyesha watu alichovikwa, na kamera ilikuwa inamfuata. Kipindi cha mubashara hakina pa kurudi.

Nje ya studio, baada ya matangazo, Melusi alimrudishia ucu bila kinyongo. "Chukua, dada yangu. Ilikuwa shoo tu. Mbona umenuna? Umeng'ara kweli kweli!"

"Asante, kaka," akasema Khethiwe, kwa kuwa alilelewa kwa adabu.

Simu yake ilikuwa inaita. Alikuwa shangazi yake, aliyemlea tangu mama yake alipofariki.

"Khethiwe. Umefanya nini?"

"Shangazi, ulikuwa utani. Ni mambo ya televisheni, hata yeye mwenyewe..."

"Utani? Bibi yake Bheki alikuwa amekaa mbele kabisa, amevaa kofia yake nyekundu ya sherehe. Ukoo mzima wa Zondi ulikuwa pale, mbuzi ameshachinjwa, pombe imeshakolea. Bendera iko juu, mwanangu! Tangu alfajiri iko juu!"

Khethiwe akaegemea ukuta. Bendera. Alikuwa amemkataza Bheki. Kitambaa cheupe hupandishwa kwa kijana baada ya kuvishwa ucu, ili majirani wajue amekubaliwa, wala si kabla. Lakini Bheki alikuwa amengoja miaka mitatu. Juzi, walipoagana barabarani, alicheka tu: "Umeshaniambia ndiyo, Khethi. Nenda ukawaonyeshe nchi nzima kitu changu, halafu urudi uje univishe. Utaiona bendera kutoka barabarani, usipotee njia."

"Na Bheki?" akauliza sasa. "Shangazi, Bheki amesema nini?"

"Hakusema kitu. Alisimama akatoka nje. Watu wakaanza kucheka. Unajua bibi yake alivyokuwa anakusema toka mwanzo, kwamba msichana anayemuuzia shanga kila mpita njia atajuaje kumvisha mmoja. Sasa leo hata halazimiki kulisema, wanalisema wenzake." Shangazi akavuta pumzi. "Sikiliza. Usipite kwao. Njoo nyumbani kwanza, tukae, tutume watu wazima wakaombe radhi kwa adabu. Umenisikia? Usithubutu kupita kwa Zondi peke ya..."

Simu ikazimika. Chaji ilikuwa imekwisha.

Njia nzima ya kurudi Msinga alipanga maneno. Angepiga magoti kwa bibi na kumwambia Bheki kwamba taa zile zinapumbaza, kwamba hata hakujua mikono yake inafanya nini. Aliyapanga na kuyapangua, na kila alipofumba macho alijiona mwenyewe anavyocheka.

Gari liliposhuka bonde la mto Thukela, akainua macho kwenye mlima wa upande wa pili, akaiona.

Bendera ilikuwa bado juu.

Machozi yalimtoka hapo hapo, mbele ya abiria. Hawakuishusha! Jua lilikuwa limeshaanza kulalia upande, na kile kitambaa cheupe kilikuwa kinapepea juu ya nyumba za Zondi kama kilivyopandishwa. Bheki alikuwa bado anamngoja. Nani mwingine angeiacha? Akashuka njia panda, maonyo ya shangazi ameyatupa huko, akapanda kile kilima nusu anakimbia, leso yenye ucu ameikumbatia kifuani. Karibu na lango akasikia wanawake wanaimba. Wanaimba! Akajifuta uso kwa kiganja, akaweka kilemba chake sawa, akasimama mahali pa kusimama mgeni na kuita kwa jina la heshima la ukoo, kama inavyotakiwa.

"E, Nondaba!"

Wimbo ukakatika.

"Nani anayeita?" Ilikuwa sauti ya bibi.

"Ni mimi, bibi. Khethiwe wa Majozi."

"Yule wa kwenye televisheni?" Watu wawili watatu wakacheka na kujinyamazia. "Karibu. Mgeni haachwi langoni."

Mgeni. Neno hilo lilimchoma kuliko kicheko. Akaingia, akapiga magoti kwenye mkeka wa wanawake, macho chini. Bibi kizee alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, kofia nyekundu haijasogea hata kidogo.

"Mumeo umemwacha Durban?" akauliza.

"Bibi, nimekuja kuomba radhi. Nimekosa. Sina la kujitetea."

"Mimi huniombi radhi, mjukuu wangu. Mimi nimeona tu, kama walivyoona wengine." Kilichomtisha Khethiwe ni kwamba bibi hakuwa na hasira. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kushiba. "Bheki yuko zizini. Nenda. Neno hilo mlimalize wenyewe, halafu urudi upewe nyama."

Alimkuta ameegemea nguzo ya zizi la ng'ombe, mgongo kwa watu. Amevaa koti lake jeusi la Jumapili, limefungwa mpaka kidevuni kwa joto lile. Miguuni alikuwa na makubazi mapya ya tairi aliyojikatia mwenyewe, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi yake na alikuwa fundi. Hizo nakshi nyeupe za pembeni alizitia kwa ajili ya siku hii.

"Bheki."

"Umefika salama?"

"Nimefika."

"Gari halikuwasumbua njiani?"

"Bheki, usinifanyie hivyo. Nitukane. Nipige hata kofi, lakini usiniulize habari za gari."

Akageuka. Macho yake yalikuwa mekundu, na Khethiwe, ambaye hakuwahi kumwona Bheki akilia hata alipomzika baba yake, aliyainamisha ya kwake.

"Nilikuona," akasema Bheki.

"Ulikuwa mchezo. Yule mtu alipiga goti ghafla, watu wakapiga kelele, sikujua nifanye nini, kamera ile..."

"Ulicheka."

Khethiwe akaikaza leso kifuani.

"Ungemvisha huku umekunja uso, ningesema wamemlazimisha. Ungetetemeka, ningesema ameogopa taa. Miaka mitatu, Khethi, kila nikikuuliza unaniambia bado nashona. Nikikuuliza tena, unaniambia ukifikiria siku ya kunivisha mkono unatetemeka, unakosea hesabu ya shanga, unafumua. Mimi nikafurahi na hilo. Nikajisemea, mwanamke ambaye mkono unamtetemeka kwa ajili yangu nitamngoja mpaka ninyeshewe na mvi. Leo nimeuona huo mkono. Waliukuza, ukajaa kwenye televisheni nzima, mpaka kovu la sindano kwenye kidole gumba nililiona." Akameza mate. "Haukutetemeka hata kidogo."

"Haukutetemeka kwa sababu hakuwa wewe!"

Maneno hayo yalimtoka kwa sauti kubwa, na huko nyuma ukimya ukazidi. Bheki alifumba macho. Alipoyafumbua alikuwa amezeeka.

"Mbona hukupiga simu ukaniambia hivyo asubuhi?" akanong'ona. "Hayo tu. Kabla ya..."

"Kabla ya nini?"

Alipeleka mkono kidevuni, akafungua kifungo cha kwanza cha koti, akafungua cha pili.

Shingoni alikuwa amevaa ucu nyeupe.

Khethiwe aliitazama bila kuelewa. Akaitazama leso yake mkononi, ucu yake imo ndani, akaitazama tena ile ya shingoni. Weupe ule ule. Hata ule mstari mwembamba wa bluu katikati, wa kusema nimekukumbuka, ulikuwa mahali pale pale alipouweka yeye. Kwa punje ya muda alidhani anaota.

"Bibi aliagiza bendera ishushwe," akasema Bheki, akitazama ng'ombe. "Watu wanacheka, wengine wameshainuka kwenda zao. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nimeshika kamba. Ndipo Zibuyile akasimama."

"Zibuyile? Zibuyile Dladla?"

"Alikuwa nayo kwenye mkoba. Akaja mbele yangu, mbele ya ukoo, akapiga magoti na kunivisha. Hakusema neno. Bibi akapiga kigelegele, wanawake wakapokea. Bendera ikabaki."

Kwa hiyo ndiyo maana. Kitambaa kile alichokililia ndani ya gari, akakikimbilia mpaka pumzi ikamwishia, kilikuwa kinapepea kwa ajili ya mwanamke mwingine.

"Ungeweza kukataa," akasema.

"Mbele ya watu wale wale? Amejitoa kunisitiri, halafu mimi nimwaibishe hadharani, kama..."

"Kama nilivyokuaibisha mimi. Limalize, Bheki."

Bheki aligeukia ng'ombe.

"Unampenda?"

"Usiniulize hilo."

"Nakuuliza."

"Khethi, ukiniuliza nitakujibu. Na nikikujibu, sitaweza kurudi pale nilipokuwa nimekaa. Nionee huruma."

Akamsogelea. Hakujali nani anatazama. "Basi usirudi. Tuondoke sasa hivi, twende kwa shangazi, twende popote. Ucu yako hii hapa. Kila shanga nimeitia kwa jina lako, wewe unajua, ulikuwa unakaa hapo pembeni unanichagulia zilizo sawa. Ivue hiyo, Bheki. Ivue, nikuvishe yako."

Mkono wa Bheki ulinyanyuka. Ulinyanyuka kweli, mpaka karibu na shingo, na Khethiwe akaanza kuifunua leso. Kisha Bheki akaisogeza pua kwenye ile leso, kidogo tu, na uso wake ukabadilika. Hata Khethiwe aliisikia harufu. Shanga zilikuwa bado zinanukia manukato ya Melusi Khuboni.

Mkono ukashuka.

"Dada Khethi."

Zibuyile alikuwa amesimama nyuma yao na bakuli la maji, ameliinamia kwa adabu kama anavyopelekewa mgeni. Alikuwa msichana mdogo wa uso mpana, mpole, ambaye Khethiwe mwenyewe alimfundisha kushika sindano.

"Karibu maji, dada. Umetoka mbali."

"Ile ucu ulinionyesha wewe," akasema Khethiwe polepole. "Mwaka jana. Uliniuliza kama imenyooka. Nikakufumulia mstari mzima nikakushonea upya, ili ikae sawa. Ulisema ni ya kijana wa Johannesburg."

"Wewe ndiye uliyesema, dada. Ulinitania, mimi nikanyamaza."

"Na wakati wote huo ulikuwa unamtaka Bheki."

"Ndiyo." Maji yalikuwa yanacheza ndani ya bakuli. "Lakini nisingesimama, dada. Haki ya mama yangu. Ningeikalia mkobani mpaka nife, ningekuja kuimba kwenye harusi yenu na kukusaidia kupika. Mimi sikumchukua. Wewe ulikuwa umeshampa mtu mwingine."

Hakusema kwa jeuri, na kwa hiyo hapakuwa na pa kumshika. Khethiwe alitafuta hasira akaikosa. Alichokipata ni jicho la kazi, lile lisilolala hata msibani. Liliona kwamba kifungo cha ile ucu kilikuwa kinacheza kwenye kitanzi. Bheki alipogeuza shingo, kilichungulia nje.

"Kitanzi umekiacha kipana," akasema.

Zibuyile akaangalia, akashika mdomo. "Nilikifungua na kukifunga upya pale pale, kifungo hakikutaka kuingia. Mikono ilikuwa inanitetemeka."

Bheki aliinamisha kichwa. Hakumtazama yeyote kati yao.

Huko uani bibi alikuwa anaita: wazee wamekaa, kijana aje na mchumba wake wabarikiwe. Na Khethiwe alijua, kama alivyojua kila mtu aliyelelewa bonde lile, itakuwaje ucu ikidondoka mbele ya wazee siku ya kwanza. Wangesema mababu wameikataa. Wasingemcheka Bheki tena. Wangemcheka huyu mtoto, na wangemcheka maisha yake yote. Khethiwe angeweza kuwaacha tu waende hivyo hivyo. Hakutakiwa hata kunyanyua mkono.

Akasimama hapo, akalitamani jambo hilo kwa moyo wake wote.

Kisha akapeleka mkono kwenye kilemba, mahali anapochomeka sindano kila siku ya Mungu, akaichomoa na uzi wake. "Inama, Bheki," akasema.

"Khethi, acha."

"Inama. Itakuangukia mbele ya watu."

Akainama. Khethiwe alisogea nyuma yake, na vidole vyake vikaigusa ile shingo, ngumu, ya moto, yenye harufu ya mpira. Alivuta kitanzi, akapitisha sindano, akairudisha. Mkono ulimtetemeka mpaka sindano ikamchoma mara mbili, na tone la damu likaingia kwenye shanga nyeupe. Bheki aliuhisi mtetemo ule. Mabega yake yakaanza kutikisika, taratibu, bila sauti, na Zibuyile akageuka pembeni na bakuli lake ili asione.

Alipofika mwisho wa uzi hakuwa na mkasi. Akainama kuukata kwa meno, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho midomo yake ikaigusa shingo ya Bhekumuzi Zondi.

"Tayari," akamwambia Zibuyile. "Sasa haifunguki."